Muulize Kapita Mzee: Nimewekwa juu ya wenzangu, nao wananiita dada

Barua za mwezi huu zimenikuta nimekaa, mguu juu ya kigoda, goti la kushoto limevimba. Mke wangu anasema hayo ni malipo ya miaka thelathini ya kupanda na kushuka vilima vya Bushi, hapa kuzunguka mji wetu wa Bukavu. Basi nina muda wa kujibu vizuri, walau hii ya kwanza.

*Muzee, jambo sana. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Kadutu. Tuko vijana 14, tumepewa miezi mitatu kutengeneza erozio (korongo lililochimbwa na maji) moja kubwa juu ya nyumba za watu: mitaro, vizuizi vya mawe, halafu vetiveri, yale majani ya mizizi mirefu. Mwezi uliopita kapita wetu, kiongozi wa kundi, alipata kazi kwingine, wakaniweka mimi kwa kuwa najua kuandika ripoti. Hawa ni rafiki zangu, tulianza wote siku moja. Nikisema tuanze, wanacheka: "Eh, dada amekuwa shefu!" Mmoja, niliyesoma naye tangu shule ya msingi, anafika saa tatu na sisi tunaanza saa moja. Naona haya kumwambia. Kipande chake nakichimba mimi jioni wakisha kuondoka, ili mita zitimie. Mikono imetoka malengelenge. Nifanye nini?*

Binti yangu, kesho liache jembe nyumbani. Chukua fimbo, kamba, daftari na kalamu, basi. Watakuita mvivu siku mbili tatu, halafu watachoka. Umeniandikia barua ndefu, lakini sikuona mahali uliposema maji yanaingilia wapi katika hiyo erozio, kingo zake zikoje, nani anasimama chini ya nani. Hujui, kwa sababu unachimba umeinamisha kichwa. Watu 14 wana mikono 28, mikono haijapungua hapo. Kinachopungua ni macho, na hayo macho ndiyo waliyokupa siku walipokuita kapita.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa ukapita, 1987, kwenye kilima kimoja upande wa Walungu, nilikuwa na vijana kumi na mmoja, na nilitaka waone nawashinda wote kwa kubeba mawe. Tukajenga kizuizi katikati ya korongo, kizuri, juu kimenyooka kama meza. Kijana mmoja, mdogo kuliko wote, akaniuliza: "Kapita, na maji yatapita wapi?" Nilikuwa na jiwe begani. Nikamwambia abebe mawe, maswali baadaye. Mvua kubwa ya kwanza ya Oktoba ilijaa nyuma ya kizuizi, ikakosa njia, ikala ukingo wa kulia na kushuka na jiko la mama mmoja, masufuria na vyote. Kizuizi chenyewe kilibaki kimesimama bila hata jiwe moja kutoka, kama kinanicheka. Yule mama nilimjengea jiko jingine kwa mshahara wangu, na hadi leo tukikutana soko la Kadutu ananiuliza habari za mawe.

Tangu siku hiyo kila kizuizi nakiachia pengo katikati, chini kuliko kingo kwa shibiri moja na nusu, maji yapite hapo. Ncha zake mbili nazizika ndani ya ukingo kiasi cha mkono mzima. Pale maji yanapoangukia natandika mawe mapana, la sivyo yatachimba shimo na kizuizi kitapinduka kwa mbele. Na umbali kati ya kimoja na kingine haukisiwi: mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa mmoja na pengo la kile cha chini yake. Unalala kifudifudi juu ya mawe na kutazama kwa jicho moja. Nguo zinachafuka, ndiyo. Na kabla ya hayo yote unapanda mpaka kichwani mwa korongo, unatafuta maji yanakotoka, unayageuza kwanza huko. Anayeanzia chini anajenga ili mvua imbomolee. Sasa niambie, utapanda huko saa ngapi ikiwa una kipande cha rafiki yako cha kuchimba?

Tumfikie huyo rafiki. Unasema "ili mita zitimie". Kwa hiyo ofisi inahesabu mita, na ninyi kule kilimani mnahesabu saa. Ugomvi wenu unaota hapo. Gawa kazi kwa kipande. Asubuhi, kabla jembe halijagusa ardhi, pita na vijiti na kamba, kila mmoja umwonyeshe pake: hapa mpaka hapa, upana sentimita 50, kina 60. Lakini kipande kisitoke kichwani mwako. Kaa siku mbili umtazame mtu wa kawaida, usimtazame yule mwenye misuli ya kuonyesha, uone amefika wapi saa sita mchana. Kwenye udongo wetu mwekundu uliolowa kidogo vijana wangu walikuwa wanafika mita tano. Kwenye mawe, mbili zilikuwa nyingi. Penye mawe pawe pafupi, na kila siku mbadilishane, vinginevyo kila asubuhi mtapigania udongo laini.

Aliyemaliza, fimbo yako ya kupimia kina ikaingia mpaka alama mahali patatu (mwanzo, katikati, mwisho, maana wajanja huchimba sana mwanzoni ambako kapita anasimama), aende zake hata kama ni saa tano. Anayekuja saa tatu atamaliza saa tisa peke yake, wenzake wanapita wanampungia mkono. Kipande chake kisipokwisha, usikiguse. Kiache na vijiti vyake viwili, kesho aanzie hapo, na kwenye daftari andika mita alizochimba yeye. Ukimchimbia umemwibia wenzake wengine kumi na wawili, ambao wanaona kila kitu na wanakaa kimya.

Kumsemesha utamsemesha. Pembeni, mmekaa chini, asubuhi kabla ya kazi. Jioni mtu amechoka na kila neno ni tusi. Anza na swali. Nilikuwa na kijana mmoja, tukifanya kazi upande wa Panzi, anachelewa kila Jumanne na Ijumaa. Karatasi ya kumfukuza nilikwisha iandika, iko mfukoni. Siku hiyo nilipita avenyu yao mapema kwa shughuli zangu, nikamkuta kwenye mstari wa bomba na bidoni nne za lita ishirini. Maji yalikuwa yanatoka kwao alfajiri ya siku hizo mbili tu, na nyumbani kuna bibi yake asiyeona. Tulikubaliana: siku hizo anafika saa mbili, lakini jioni yeye ndiye anayehesabu majembe na mipanga, anayaosha, anayafungia. Sijapata mtunza vifaa kama yule. Ile karatasi niliwashia jiko.

Sababu ikiwa ni kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, hapo hakuna mapatano. Anayenuka kanyanga saa moja asubuhi hashiki mpanga, harudi kwenye mstari, anakwenda kulala kwao. Usimtukane na usibishane naye mbele ya watu. Kesho akija mzima, aingie kazini kama wengine. Mara ya tatu jina linakwenda ofisini, na umwambie mapema kuwa litakwenda.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza. Kwenye mteremko mtu asichimbe akiwa ameelekeana na mwenziwe aliye juu yake. Wapange kwa mshazari, ili jiwe likitoka lipite katikati yao. Jembe au mpanga ubebwe mkono wa upande wa bondeni, ukiteleza unautupa mbali nawe. Na ukingo wa korongo uliolika kwa chini ukabaki kama paji la uso, hakuna wa kuchimba chini yake, hata kwa dakika tano, hata kama mawe mazuri yote yako hapo. Kwanza uangushwe kutoka juu. Kandambili kazini ni mwiko, ingawa najua buti hazikuletwa za kutosha. Hazijawahi kuletwa za kutosha.

Na waache wakuite dada. Kuna kapita nilimfahamu aliyedai aitwe Shefu. Wakamwita Shefu mbele yake, na nyuma jina ambalo gazeti hili haliwezi kuchapa.

*Mzee wetu, salamu. Ninasimamia vijana tisa, tunachimba mitaro ya kushika maji kwenye kilima chenye nyumba nyingi, si mbali na Funu. Wiki iliyopita niliona ufa juu ya mitaro yetu, umepinda kama mwezi mwandamo, hatua arobaini, ngumi inaingia. Mparachichi wa pale umeinama. Mama mwenye nyumba anasema tangu Septemba mlango wake haufungi. Msimamizi wa mradi anasema tuendelee, mpango umekwisha kusainiwa. Vijana wanaogopa lakini wanataka siku zao zilipwe.*

Ndugu yangu, watoe hapo. Ukisoma haya wako kilimani, nenda ukawatoe kisha uje umalizie kusoma.

Watu wa Bukavu tunaita kila kitu erozio, na neno hilo moja linatuponza. Kuna maji yanayokwangua udongo kwa juu na kufanya korongo: hayo yanazuiwa kwa mitaro, mawe na majani. Na kuna ardhi inayotembea yenyewe, kilima kizima kinateleza polepole pamoja na nyumba, miti na makaburi yake. Funu ni mfano unaojulikana hata na wanasayansi wa mbali, wanaupima mwaka hadi mwaka. Ufa uliopinda, mti ulioinama, mlango usiofunga: huo ni ugonjwa wa pili. Na dawa ya ugonjwa wa kwanza ni sumu kwa ugonjwa wa pili. Mtaro wa kushika maji kazi yake ni kuyanywesha ardhini. Kilima kinachoteleza ukikinywesha, unakiongezea uzito na kulainisha pale kinapotelezea. Vetiveri nayo haitakusaidia. Mizizi yake inakwenda mita mbili, tatu na zaidi, nayo ni mizizi mizuri ajabu, lakini mahali penyewe panapoteleza panaweza kuwa mita kumi chini, au zaidi ya hapo.

Kinachofanyika ni kuyatoa maji nje. Ile mitaro mliyokwisha kuchimba hapo ifukiwe, au ipewe mwinamo mdogo ili maji yaende hadi kwenye mfereji wa mawe au sementi na kuondoka pale. Ufa wenyewe uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe, mvua isiingie. Mabati ya nyumba yawe na mifereji. Bomba linalovuja juu ya kilima litafutwe, mara nyingi lipo na kila mtu analijua. Halafu pigilia vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima nafasi kati yao kila asubuhi na uandike. Kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja siku ya jua, mwingine akisimama mbali anatazama. Ukiona nafasi inakua, hapo si neno lako tena: ni la shefu wa avenyu, la komuni, na la wanajiolojia wa UOB, chuo kikuu cha serikali cha Bukavu, ambao kazi yao ni hiyo na wako hapa hapa mjini.

Na msimamizi wako? Usibishane naye kwa simu. Mwandikie: tarehe, urefu wa ufa, upana wake jana na leo, mlango wa mama, mparachichi. Mwombe akujibu kwa maandishi kwamba vijana waendelee kuchimba, na aweke sahihi. Utaona kalamu inavyokuwa nzito ghafla.

Kuhusu malipo uko sahihi kuwa na wasiwasi, maana ni njaa inayomrudisha kijana chini ya ukingo. Usiwatoe kilimani na kuwaacha mikono mitupu. Wapeleke kwenye kitalu wagawanye mashina ya vetiveri, wakate majani yabaki shibiri moja na mizizi ibaki kidole, wafunge mafungu tayari kwa kupanda. Wachonge vijiti. Siku hizo ziandike kama siku za kazi, kwa kuwa ni kazi.

Mei 2023 kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, walikufa watu zaidi ya 400 maji na mawe yaliposhuka kutoka vilimani. Wale hawakupewa ufa wa kutazama wiki nzima.

*Kapita, mvua ikianza sisi hukimbilia chini ya mikaratusi. Kuna ubaya? (Kijana wa Bagira)*

Ubaya upo. Vilima hivi vya Kivu, Kabare ikiwemo, ni kati ya mahali panapopigwa radi mara nyingi kuliko karibu popote duniani, na wewe unachagua kitu kirefu kuliko vyote kilimani ujibanze chini yake na jembe mkononi. Ukiona mmweko, hesabu moja, mbili, tatu. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, acheni majembe chini na mshuke mkaingie kwenye nyumba yenye kuta, au ndani ya gari lililofungwa. Kibanda cha turubai si nyumba. Rudini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na hesabu ianze upya kila inaponguruma, hata kama jua limetoka na msimamizi anatazama saa yake. Kama hakuna nyumba karibu, basi hilo lilipaswa kufikiriwa asubuhi, mkitazama mawingu.

*Mzee, mimi ni mama wa Ibanda. Mwanangu ana diploma, tulimsomesha kwa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sasa anazoa chupa kwenye mto Kawa na kupanda majani ukingoni, na kapita wake hakumaliza hata shule ya sekondari. Majirani wanamcheka kwamba anafanya salongo, ile kazi ya lazima ya zamani. Nimwambie aache?*

Mama, majirani wako si wajinga. Kicheko hicho kina babu. Baba yangu mzazi alichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wakati wa Wabelgiji, kwa lazima, asiyechimba anapata faini au kifungo. Ulipokuja uhuru, watu waliifukia au wakaiacha ijae, na baba alinisimulia hayo akicheka kwa raha, ingawa udongo wa shamba lake mwenyewe ulikuwa unashuka. Baadaye ikaja salongo ya Mobutu, Jumamosi, kila mtu na fagio. Kwa hiyo mtu akiona kundi la vijana na majembe, anakumbuka fimbo. Huwezi kumlaumu.

Mwanao analipwa, na alikwenda kwa miguu yake, hiyo ni tofauti ya kwanza. Chupa anazozoa, asipozizoa, Kawa inazipeleka ziwani, ziwa linazisukuma hadi mdomo wa Ruzizi, zinakusanyika kwenye bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, ambalo limekuwepo tangu 1958. Usiku mtaa wenu ukiwa giza, muulize jirani anayecheka alitupa wapi chupa yake ya jana.

Lakini sitakudanganya, kuna miradi inayowatumia vijana kama mikono tu. Mpime huyo kapita hivi. Jioni muulize mwanao akuonyeshe jinsi ya kupata mstari ulio sawa kilimani bila mashine. Akichukua miti mitatu, akaifunga kwa mfano wa herufi A, akaning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni, akaweka alama mahali uzi ulipogusa mti wa katikati, kisha akaigeuza miguu ibadilishane nafasi, akaweka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili akakuambia "hapa ndipo sawa", basi kapita asiye na diploma anamfundisha, na mwache aendelee. Akikodoa macho baada ya miezi mitatu ya kazi, una haki ya kwenda kumuuliza kapita anafanya nini na watoto wa watu.

Kuhusu buti, umeandika pembeni kwamba zake zimepasuka. Zangu za zamani, namba 42, ziko hapa ukumbini. Mwambie azifuate upesi, kabla mke wangu hajapanda maua ndani yake.